Matundu matatu hayatoshi kumpigia mnyama mita 700

Juzi mdogo wetu mmoja hapa Wyoming, Marekani, alituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Karatasi ya shabaha ya mita 100, matundu matatu, na yote yamefunikwa na sarafu ya robo dola. Risasi kajaza baruti mwenyewe nyumbani, za aina ya 6.5 Creedmoor. Chini kaandika: "Nusu MOA, kaka zangu. Oktoba hii elki wa mita 700 hana pa kukimbilia." Nusu MOA maana yake kwa mita 100 matundu yote yako ndani ya milimita 15 hivi, na elki ni kulungu mkubwa wa milima ya huku. Watu wakampongeza mpaka usiku. Mimi nilinyamaza, maana ningejibu kwa hasira, na kijana mwenyewe ni mtu mzuri, mwenye bidii. Lakini jambo hili limenikaa rohoni, acha nilitoe.

Msimu wangu wa kwanza wa elki niliingia porini na picha kama hiyo hiyo kwenye simu. Matundu matatu, milimita 12 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Nilikuwa nimekesha wiki nzima gereji, nikipima baruti hadi sehemu ya kumi ya greni (greni moja ni kama miligramu 65), nikipasha shingo za maganda kwa moto, nikikagua urefu wa kila risasi. Nikaliona dume upande wa pili wa bonde, mita 540. Limesimama ubavu. Nikapiga.

Lilijikunja, likaingia kwenye misonobari. Tulipofika pale liliposimama nikapiga goti kuangalia damu. Damu ya mapafu ni nyekundu ya kung'aa na ina povu. Niliyoikuta ilikuwa nyeusi, nzito, imechanganyika na majani yaliyotafunwa. Nilijua pale pale. Nimekulia nyumba ya mfuatiliaji nyayo. Mzee wangu alifanya kazi hiyo na kampuni za uwindaji kule Selous kwa miaka mingi, kabla sehemu kubwa haijawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na rangi za damu alitufundisha kabla hatujamaliza shule ya msingi. Tulifuata mpaka giza likatushinda. Tulilipata kesho yake mchana, na kunguru walishafika.

Nilipompigia mzee kumweleza, hakuuliza kaliba wala darubini. Aliuliza, "Ulikuwa na haraka gani ya kupiga kabla hujasogea, mwanangu?"

Baada ya msimu nilirudi uwanjani na risasi zile zile zilizobaki. Nikapiga 20 kwenye karatasi moja, taratibu, nikiuacha mtutu upoe. Zile milimita 12 zikawa 34. Bunduki haikuharibika na baruti haikubadilika. Huo ndio ulikuwa ukubwa halisi wa mtawanyiko wangu tangu mwanzo. Risasi tatu za kwanza zilinionyesha kipande chake tu, na mimi nikakishikilia kwa sababu kilikuwa kizuri.

Hili si suala la maoni. Bunduki yoyote, hata ikiwa bora namna gani, inatawanya risasi kuzunguka pale unapolenga. Ukipiga tatu, mara nyingi hutagusa kingo za mtawanyiko huo. Kwa wastani, kundi la risasi 10 huwa pana zaidi ya mara moja na nusu ya kundi la risasi tatu, bunduki ile ile, mpigaji yule yule. Ni kama kutazama matone matatu ya kwanza kwenye vumbi ukadhani umeshajua mvua itaishia wapi. Wahandisi wa Hornady, watu wanaoishi kwa kutuuzia vichwa vya risasi, wamelisema wazi: tatu au tano hazitoshi, piga 20 na kuendelea ndipo uanze kulinganisha. Bado kila Jumamosi nawaona watu wanapandisha baruti greni 0.2, wanapiga tatu, wanapandisha tena, wanapiga tatu, kisha wanachagua kikundi kidogo kuliko vyote na kusema hiki ndicho kiasi cha baruti ambacho bunduki inakipenda. Rudia jaribio lile lile wiki ijayo, mshindi atakuwa mwingine. Tumekuwa tunasoma bahati na kuiita kipimo.

Kwenye karatasi hakuna anayeumia. Kwa mnyama ni tofauti. Mita 600, risasi ya 6.5 inatumia karibu sekunde nzima kufika. Elki akiinua mguu wakati unabana kifyatulio, risasi inamkuta hatua moja mbele, na mapafu uliyolenga sasa ni tumbo. Ukikosea upepo kwa mita 2 tu kwa sekunde, kosa ambalo binadamu yeyote analifanya kwenye bonde lenye pepo mbili tofauti, umesogea sentimita 30 na zaidi. Risasi yako ikitoka mita 15 kwa sekunde pungufu ya ulivyopima, inashuka sentimita kumi na kitu zaidi. Sasa jumlisha na mtawanyiko ambao hujaupima. Kila kimoja peke yake unaweza kukivumilia. Siku hiyo vinakuja pamoja.

Nakubali, praima, vile vidude vya kuwashia baruti, na vichwa vya risasi ni ghali. Sote tunaukumbuka uhaba wa 2020 na 2021, na wengine bado tunahesabu praima moja moja. Nakubali pia kwamba mtu anayewinda kwa mita 100 msituni, risasi tatu zinamtosha kujua darubini haijasogea. Sibishani naye.

Na mtutu mwembamba wa kuwindia unachemka, ni kweli. Basi usipige 20 kwa mkupuo. Tunza karatasi moja. Kila ukienda uwanjani ibandike tena nyuma ya shabaha mpya, piga tatu kwa mtutu wa baridi kupitia zote mbili, nenda nyumbani. Baada ya safari saba una matundu 21, yaliyopigwa asubuhi, jioni, kwenye joto, kwenye baridi, siku umelala na siku hukulala. Hiyo ndiyo bunduki utakayoibeba Oktoba. Yangu imetundikwa juu ya mashine ya kujazia, na ndiyo inayoniambia niishie mita 300. Dume la mwaka jana nililinyatia saa mbili na nusu, mara nne nikipoteza upepo na kurudi nyuma, nikalipiga mita 140. Lilitembea hatua zisizozidi 30. Damu ilikuwa na povu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, maganda yako umeyaandaa vizuri na mkono wako ni mtulivu, hilo naliona kwenye picha. Naisubiri picha ya pili. Matundu 20, karatasi moja. Na siku ya upepo, njoo na vibao vya mita 700, tutapiga wote wawili, risasi ya kwanza tu ya kila mmoja ndiyo ihesabiwe.