Padri akihamishwa, zahanati inabaki ya nani?

Wamisionari hawakuanza jana kutibu na kufundisha kusini. Wabenediktini walifika Ndanda, Masasi, mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya wapiganaji wa Majimaji kuichoma misheni yao ya Nyangao. Kwa hiyo padri wa leo anayesajili shirika la hisani, akachangisha Ulaya na kujenga zahanati na shule kijiji cha ndani huko Nanyumbu au Liwale, anapita njia ya zamani. Mabishano nayo ni ya zamani. Wapo wanaosema mwacheni, mjamzito hapakiwi tena bodaboda usiku. Wengine wanasema tunazoeshwa kuomba, na serikali inapata pa kujifichia.

Kote kuna ukweli, na Ndanda penyewe panaonyesha hivyo. Shule ya wamisionari ilitaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Hospitali ikabaki mikononi mwa kanisa. Sekondari ya Ndanda leo ni ya serikali, na ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia 2016. Hospitali ya Mtakatifu Benedikto ina jina, wagonjwa huifuata kutoka mbali, ila ukienda lazima ujipange kifedha.

Na kujipanga huku kwetu ni korosho. Minada huanza Oktoba. Malaria inashika kasi mvua zikichanganya, pesa ya korosho ishakwisha. Ukiuguliwa na mtoto mwezi Machi huna kadi ya bima, au unayo lakini kituo hakina mkataba na mfuko, unamfuata mtu wa kangomba, mlanguzi anayenunua korosho nje ya mnada. Anakupimia kwa bakuli lake korosho ambazo mkorosho haujatoa hata ua, na bei anapanga yeye. Bili imelipwa, msimu ujao umeshauzwa. Wafadhili wanaopigwa picha mbele ya jengo jipya hawaoni hesabu hiyo.

La dini nalo tusilizunguke. Mikoa hii ya Lindi na Mtwara ina Waislamu wengi, na enzi za ukoloni wazazi wengi waliogopa shule ya misheni kwa kuwa mtoto angeweza kurudi kabatizwa. Hata makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii yalilalamikiwa na baadhi ya Waislamu. Kwenye dirisha la dawa hofu hiyo haina uzito. Mwenye homa anataka dawa. Shuleni mtoto anakaa miaka, na huko hofu ina uzito.

Kwa hiyo ningekuwa padri, madarasa na nyumba za walimu ningejenga na kukabidhi halmashauri. Zahanati ningebaki nayo, lakini mkataba wa huduma na halmashauri uwe umesainiwa kabla ya kukata utepe, na mkutano mkuu wa kijiji usomewe mapato na matumizi, pamoja na mshahara wa muuguzi utatoka wapi wafadhili wakichoka. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, tuliona fedha ya nje inavyoweza kukauka ghafla.

Nitaambiwa halmashauri ni wazito, ruzuku ya serikali inachelewa. Kweli, huchelewa. Lakini ruzuku ikichelewa, diwani anaulizwa kijijini. Mfadhili wa Ulaya akikaa kimya, aliye na namba yake ni padri, naye huenda askofu kashamhamishia parokia nyingine.