Popi Ana Kadi

Leo asubuhi nimekuta kupe juu ya mto wangu. Siyo uani, siyo kwenye mkeka. Juu ya mto, pale anapolaza kichwa baba mwenye nyumba. (Sawa, mpangaji. Tusigombane.) Kavimba kama kunde iliyolowekwa, katulia, anasubiri chai.

Mama Zai akanitazama, hakusema kitu. Hapo ujue hukumu imeshaandikwa, bado kusomwa tu.

Mbwa lilikuwa wazo langu, nakiri. Walipotuibia pampu ya maji nilitangaza kwa sauti nzito kwamba nyumba hii inahitaji ulinzi. Akaja Popi. Nikajua mbwa ni ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, basi. Kumbe nimeongeza mtoto! Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Mifupa ya kuku wa kupikwa marufuku, inavunjika ncha kali inamchana utumbo. Vitunguu kwake sumu. Nikamwambia daktari wa mifugo, dokta, kwa bei ya vitunguu hii, Popi yuko salama kabisa.

Hayo nayavumilia. Chanjo ya kichaa ndiyo iliyonivua nguo.

Jumamosi nilivaa shati la harusini, nikamfunga Popi kwa mtandio wa zamani wa Mama Zai, nikasimamisha bajaji. Dereva akamkagua Popi toka masikio hadi mkia.

"Mzee, huyu anapanda kama abiria au kama mzigo?"

"Tofauti yake?"

"Abiria elfu mbili. Mzigo elfu tatu."

"Mzigo unamzidi abiria?"

"Abiria ana haya, mzee. Mzigo ukijisaidia humu nani anafua?"

Nikalipa ya mzigo. Mbele kidogo akapakia mzee wa kanzu nyeupe, imepigwa pasi hadi inakata. Kumwona Popi tu, akaikusanya kanzu yote akaipakata kama kichanga. "Mwanangu, nishushe." Hata kukaa alikuwa hajakaa.

Kwenye chanjo, foleni. Mbwa wamefungwa kwa kamba za katani, kwa waya za chaja, mmoja kaja na tai ya shule. Dokta akashika kalamu.

"Jina?"

Nikataja langu, majina matatu.

"La mbwa."

"Popi."

"Minyoo mara ya mwisho lini?"

"Mimi au yeye?"

Hakucheka. Sindano ikaingia, Popi hata hakupepesa. Aliyefumba macho ni mimi. Nikapewa kadi, ina mhuri na tarehe ya kurudi mwakani. Dokta akaanza kutuhutubia: ukiumwa na mbwa, kidonda kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mbio hospitali, usingoje, maana dalili zikishaanza hakuna dawa. Nikawa natikisa kichwa kama mjumbe wa bodi. Ndipo akapita kuku.

Mtandio ukabaki mkononi. Popi akabaki vumbi.

Sasa fikiria: mbwa anakimbia mtaani, ulimi nje, nyuma yake mzee wa shati la harusini na kandambili moja anafoka. Nani alianza sijui, nikasikia tu, "Mbwa kichaaa!" Mama ntilie kapanda juu ya benchi lake mwenyewe. Vijana wa kijiweni, ambao kuzibua mtaro walisema migongo inauma, wameshaokota mawe. Nikainua kadi juu kama refa. "Amechanjwa! Jamani amechanjwa! Ana mhuri!"

Kajamaa kamoja kakauliza, "Na wewe je?"

Nimefika nyumbani mguu mmoja pekupeku. Popi kalala kivulini. Mama Zai anapepeta mchele: "Baba Zai, mbona mwenzio kafika zamani?"

Halafu leo, kupe! Chanjo haihusiani na kupe, anasema dokta kwenye simu, kupe ni dawa nyingine, ya kuchanganya na maji, umwogeshe na banda lote. Maji! Maji gani, dokta? Mara ya mwisho bomba limekoroma saa nane usiku wa Alhamisi, nimekinga nusu ndoo, nayo ina rangi ya soda. Jirani ana simtangi la lita 2,000 na bado ananikopa dumu. Na ile pampu, mwenye nyumba anasema iko kwenye mkataba, niilipe mimi, wakati mkataba wenyewe alinionyesha kwa mbali kama kitambulisho cha polisi...

Ngojeni kwanza. Hiyo honi si ya boza?