Makaa ya mawe tuliyakataa, ya seredani je?

Juni 26, 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa Kwasasi, Lamu, uliokusudiwa kuzalisha takriban megawati 1,000 kwa makaa ya mawe. Amu, yaani mji wa Lamu, ikashangilia, na ilistahili. Lakini vyungu vingi vya mji vilibaki juu ya makaa yale mengine, ya miti, kwenye seredani, yaani jiko la makaa.

Kule Ujerumani mambo ni kinyumenyume. Makaa ya mawe bado yamo kwenye umeme wao: Januari 2023 polisi waliwaondoa watu katika kijiji cha Lützerath kwa ajili ya mgodi wa Garzweiler, na sheria imewapa hadi 2038 kuachana nayo. Jikoni, hata hivyo, hukuti moshi. Ni jiko la umeme. Linalowatesa wao ni baridi, maana karibu nusu ya nyumba zapashwa joto kwa gesi.

Sisi hatupashi nyumba joto. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa gridi ya Kenya watoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na Amu inaupata kwa laini ya kilovolti 220 inayopitia Malindi na Garsen. Umeme safi kuliko wa Wajerumani, nasi twachajia simu!

Tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni kavu kutoa kilo 1 ya makaa. Maharagwe nusu kilo kwenye seredani yaweza kumaliza kilo hiyo yote. Sufuria ya presha ya umeme, ya wati 1,000, hutumia takriban nusu uniti: maji lita moja na nusu, dakika 45 baada ya presha kupanda, kisha uache mvuke ushuke wenyewe. Usijaze kupita nusu, maana povu la maharagwe huziba vali. Ikiwa mvuke wavuja pembeni na presha haipandi, tazama mpira wa kifuniko, huenda haukukaa sawa au umekauka.

Wali wa nazi ndio huwashinda wengi. Ukitia tui zito mwanzo hushika chini, sufuria hujizima kabla mchele haujaiva, na lawama huenda kwa umeme. Pikia tui jepesi. Zito litie mwisho, wali ukishakauka.

Kasoro kubwa iko ukutani. Wati 1,000 huvuta ampea 4 na kidogo. Waya mwembamba wa ekstensheni hupata moto, na chumvi ya bahari hutia kutu ya kijani kwenye shaba ya soketi, plagi ikalegea, plastiki ikayeyuka. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ampea 13 yenye waya wa milimita za mraba 2.5, na soketi ikinuka kuungua, ibadilishe siku hiyo hiyo. Jioni volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, zile wati 1,000 zabaki kama 700, kwa hiyo maharagwe yapikwe mchana.

Mikate ya mofa na samaki wa kuchoma? Hayo waachieni makaa. Hata Wajerumani kiangazi hawaachi kuchoma nyama zao bustanini.