Sei yangu na sei yake

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi na Kitaliano nimekiokota barabarani tu, namba ndo nazijua freshi sababu ya nauli, duecento, trecento, hapo huniibii hata shilingi. Sasa kuna dada mmoja Mtaliano nilimbeba siku tatu mfululizo, Kiingereza chake kibovu kushinda changu, tukawa tunaongea kwa mikono na kucheka. Siku ya nne anashuka akaniambia, "Domani, alle sei, la colonna." Domani ni kesho. Colonna ni ile nguzo ya Vasco da Gama. Sei ni sita. Wallahi sikulala.

Saa sita kamili mchana niko nguzoni. Shati jeupe la kuazima kwa binamu, marashi ya kuazima kwa jirani, chokoleti mfuko wa kifuani, hiyo nilinunua mwenyewe. Kama unapajua pale ni jabali limeingia baharini, kivuli ni cha hiyo nguzo yenyewe, na saa sita hata nguzo haina kivuli. Huyo Vasco alipofika 1498 alipewa rubani wa kumpeleka mpaka India, mimi sikupewa hata mtu wa kunisomea saa. Nikakaa. Saa saba. Saa nane. Mzee wa madafu akanisogelea taratibu, "Mwanangu, kuna mtu umemkosea?" Nikamwambia la mzee wangu, nangoja mtu. Akanitazama kifuani akanyamaza, na mimi nikajitazama, kumbe chokoleti imeyeyuka imeshuka mpaka kitovuni, shati la watu, tena la Idi.

Nikaondoka na hasira zangu.

Kesho yake huyo hapo stej, kanuna, vidole sita juu: "Alle sei! Alle sei!" Na mimi vidole sita juu: "Sei! Mimi sei, wewe hakuna!" Wenzangu wakadhani tunapatana nauli, mmoja anapiga kelele bana mbebe hata mia nne, abiria wenyewe adimu. Dada akashika kichwa, "Sei pazzo!" Mi nikajua sasa tumeelewana, nikajibu kwa furaha kabisa, "Sì, sei! Sei!"

Uso ukabadilika rangi. Ikabidi aje jamaa mmoja aliyewahi kufanya jikoni hotelini, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe "sei pazzo" ni "wewe mwendawazimu", na mimi nimemrudishia ndio, ni wewe, ni wewe (lugha gani hii, neno moja ni sita na hilo hilo ni wewe). Halafu akanieleza kwamba wenzetu saa zao hawahesabu kama sisi, sei yao ndo kumi na mbili yetu. Yaani dada wa watu alikaa pale peke yake mpaka akachoka. Akaelezwa na yeye, akacheka, akanipiga kikofi cha bega. "Domani. Alle sei."

Safari hii sikutaka mchezo. Saa kumi na mbili kamili nimefika, umande bado, geti limefungwa, askari kajifunika shuka ananichungulia.

"We si yule wa chokoleti?"

"Ndio mimi. Nimeambiwa kumi na mbili."

"Ya asubuhi ama ya jioni?"

Nikazima tuktuk. Nikatafuta mahamri na mbaazi, nikarudi nikakaa palepale getini, sibanduki, sei itakayokuja na ije.