RNA ndogo katika saratani: leo mlinzi, kesho msaliti

Mwaka 1993 wanasayansi Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza jambo la ajabu walilolikuta kwa mnyoo mdogo wa udongoni: jeni isiyotengeneza protini yoyote, ila kipande cha RNA, molekuli ya jamii ya DNA, chenye herufi 22 hivi, na kipande hicho kinazima jeni nyingine. Ilipofika 2024 wakapewa Nobel. Vipande vya aina hiyo, maikroRNA, hunata kwenye RNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, na maagizo yakaishia njiani.

Katika saratani, ushahidi wa kwanza mzito ulikuja 2002. Kundi la mtafiti Carlo Croce lilikuta kwamba wagonjwa wengi wa aina moja ya leukemia sugu, yaani saratani ya damu, wamepoteza sehemu ya kromosomu ya 13 yenye miR-15 na miR-16 (miR ni kifupi cha maikroRNA). Kazi mojawapo ya hizo mbili ni kuibana BCL2, protini inayoizuia seli isife. Zikikosekana, seli ambayo siku zake zimekwisha huendelea kuishi. Upande wa pili yuko miR-21: panya waliofanywa watengeneze miR-21 nyingi kupita kiasi walipata saratani ya limfu, na ilipozimwa, uvimbe ukanywea.

Hapo ndipo wengi huchora jedwali la wazuri na wabaya. Mimi jedwali hilo silikubali, na sababu yangu ni miR-200. Hii huzibana ZEB1 na ZEB2, protini zinazozifanya seli ziachane, hivyo seli hubaki zimeshikana, hazitangitangi. Mlinzi, basi? Lakini kwa panya wenye saratani ya matiti, seli zilizojaa miR-200 ziliota vizuri zaidi zilipofika kwenye mapafu. Ukilifikiria, lina mantiki yake: seli ya kuhama sharti iachie wenzake, ya kuweka makazi mapya sharti ishikamane tena. Kuuliza kama miR-200 ni nzuri bila kutaja ugonjwa umefika hatua gani ni kupoteza muda.

Wanaotaka kuzigeuza maikroRNA kuwa dawa wana hoja: moja tu hugusa mamia ya jeni, na saratani nayo haitegemei jeni moja. Ila sifa hiyo hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. MRX34, dawa iliyo nakala ya miR-34, mojawapo ya zinazozuia saratani, iliyofungwa ndani ya mafuta, ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa 2013. Wachache uvimbe wao ulipungua. Jaribio likasimamishwa 2016 kwa sababu kinga za miili ya baadhi yao zilichachamaa vibaya, wanne wakafariki.

Kuzitumia maikroRNA kama kipimo cha damu cha kutambua saratani kunaonekana salama zaidi, maana hazioziozi haraka kwenye damu. Hata hivyo chembe nyekundu zimejaa miR-16 na miR-451. Zikipasuka ndani ya kichupa kwa sababu damu ilivutwa kwa nguvu au imekaa mno, idadi ya maikroRNA hizo kwenye kipimo hupanda, na mgonjwa hajabadilika hata kidogo.