Lilikuwa Nanasi, Jamani

Naomba niongee mwenyewe, maana shosti wangu ameshaniwahi kwenye status, na mmejaza vicheko bila hata kuuliza. Ndiyo, shanga zilimwagika. Ndiyo, mbele ya wazee. Lakini hazikuwa za kiunoni. Lilikuwa NANASI.

Wateja wangu mnajua kazi zangu: tembo, kasa, matunda, yote ya shanga na yote yanasimama yenyewe. Sasa binti wa mjomba anaolewa, akataka mananasi ya kupamba meza za wageni. Jumapili nikabeba sampuli kwenda nayo kwenye kikao cha harusi. Nanasi la ukubwa wa ngumi, ndani tupu, shanga namba 11 za njano na kahawia. (Msiozijua: namba ikipanda, shanga inapungua. Hiyo 11 ina kama milimita 2 tu, ndiyo maana macho yangu yako hivi.) Unasuka vijiduara vya shanga nne nne, ncha mbili za mshipi wa nailoni zinapishana ndani ya shanga moja, unavuta, na umbo linaanza kujikunja lenyewe. Kazi nzuri sana. Ubaya wa nailoni inateleza, fundo likichomoka hakuna cha kulizuia.

Dera halina mfuko, na mimi nilitaka kulitoa kwa mbwembwe ikifika "mengineyo". Nikalitia kibindoni, nikafunga kanga juu yake, nikabana na pini.

Kikao kimya, mwenyekiti anasoma majina ya waliolipa na wasiolipa. Akaingia babu mkubwa. Nikapiga goti: "Shikamoo babu." Hapo nikasikia pini imenasa kitu.

Tak.

Shanga moja ya njano kwenye marumaru. Ikadunda, ikabingirika taratibu mpaka kwenye kiatu cha babu. Babu akaitazama. Mimi nikaitazama. Marahaba yake ikaishia njiani.

Tak. Tak-tak.

Nikabana mapaja. Nyie, kubana mapaja ndiko kulikoniponza, maana nililibinya nanasi, na zilizobaki zikashuka kwa pamoja chini ya dera, mvua ya mawe juu ya bati. Zikaingia chini ya makochi. Wazee wa kiume wakanyanyua miguu wote kwa pamoja, macho darini. Mwenyekiti anasoma jina lilelile mara ya pili.

Ndipo bibi mmoja kwenye mkeka akatikisa kichwa kwa furaha: "Mabinti wa siku hizi mnasemwa bure, kumbe mnavaa!"

Mzee wa upande wa pili akamnong'oneza jirani yake, ila masikio yake mazito, kwa hiyo tulisikia wote: "Huyu ameolewa?"

Wewe unayecheka huko, ngoja, hatujafika.

Nikasema, "Si za kiunoni, ni nanasi!" Wakanitazama kwa huruma. Basi nikaona dawa ni ushahidi. Nikapeleka mkono chini ya kanga kulitoa lililobaki, na lilikuwa limeteleza mbali, nikalazimika kulifuata. Mjomba akasimama, mikono juu: "Mwanangu, hapana! Tumeamini! Tumeamini!"

Nikatoa kipande cha majani ya kijani kimening'inia kwenye mshipi. Babu akafumba macho.

Kilichofuata ni kifupi: ufagio, watoto kuitwa kuokota, mimi jikoni hadi kikao kikafungwa. Mananasi yamepita, meza zote, na wamelipa nusu. Safari hii kila fundo nalirudisha ndani ya shanga kadhaa kisha natia gundi.

Ila tangu status ile, simu haipumzi, na hakuna hata mmoja anayeuliza nanasi. Dada zangu, SISUKI za kiunoni. Na yule bibi wa kwenye mkeka, aliyeagiza nyekundu mbili kupitia mjukuu wake, naomba anipe muda kidogo, nazifikiria.