Kuwaondoa watu mtoni Nairobi: amri sawa, mpangilio mbaya

Kila masika yakikaribia, mjadala ule ule hurudi Nairobi: je, wanaoishi kando ya Mto Mathare, Mto Ngong na Mto Nairobi waondolewe, hata kwa nguvu? Mwaka 2024 serikali ilijibu kwa vitendo. Mafuriko ya Aprili yalisomba nyumba katika mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru, amri ikatoka watu wahame mita 30 kutoka mtoni, kisha matingatinga yakaingia. Kila familia iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha kwingine.

Wanaoitetea amri hiyo wana hoja nzito. Mafuriko ya ghafla hayampi mtu muda wa kujipanga. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hivyo mvua ikipiga huko juu, maji yanaweza kukufikia mjini hata kama kwako imenyesha manyunyu tu. Maji yaendayo kasi, yakiwa na kimo cha sentimita 15 pekee, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kunyanyua gari dogo. Sasa fikiria chumba cha mabati saa nane usiku. Mlango unafunguka kwa nje, na maji ya nje yamefika magotini, yamezidi ya ndani. Mama anausukuma kwa bega, hausogei. Watoto wamepanda kitandani. Waya wa stima ya sambaza, ile iliyounganishwa kiholela, umepita juu ya mabati yaliyolowa, kwa hiyo hata kushika ukuta ni hatari. Katika hali hiyo ushauri wowote umechelewa; usalama ni kutolala pale. Mvua za msimu ule ziliua zaidi ya watu 200 nchini. Huruma inayosema watu waachwe tu walipo, kwa kuwa ni maskini, si huruma.

Hata hivyo, wapinzani wa ubomoaji hawatetei kuishi mtoni. Wanauliza watu waende wapi. Wengi wa Mukuru wako pale kwa sababu viwanda viko karibu: mtu anatoka alfajiri kwa miguu, anasimama langoni kutafuta kibarua, na akikosa amepoteza nguvu tu, hajapoteza nauli. Ukimpeleka mbali, siku asiyopata kazi inakuwa siku ya deni. Elfu kumi nayo, ukiondoa kodi ya mwezi wa kwanza, dhamana ya nyumba na gari la kubeba vitu, inabaki nini? Isitoshe, wengi ni wapangaji. Aliyejenga ploti ukingoni na kukusanya kodi miaka yote haishi pale, na tingatinga halikumkuta na godoro kichwani.

Kuna pia suala la haki. Agosti 2018 Ukay Centre ya Westlands na South End Mall ya Lang'ata yalibomolewa kwa kosa hilo hilo la kukalia ukingo wa mto, na wengi wakaamini kuwa sheria kweli ni msumeno. Kisha kasi ya kubomoa majengo makubwa kama hayo ikapungua. Mwananchi wa Mathare anaona hilo, na anapoambiwa ahame kwa usalama wake, haamini.

Tena mita 30 hazimalizi tatizo. Kilimani na Kileleshwa, penye bustani zamani, leo pana gorofa na maegesho ya saruji. Mvua haina pa kunywewa, inateremka yote kwa pamoja hadi mitaro iliyoziba kwa plastiki. Mtaa wa South C hufurika, na wakazi wake si watu wa vibanda vya mtoni. Barabarani hatari ni nyingine: chini ya maji yale ya kahawia kuna shimo ambalo kifuniko chake kiliibwa kuuzwa chuma kikuukuu. Dereva wa matatu akitaka kupita hapo, abiria wapige kelele asimame. Kufika nyumbani usiku wa manane si hasara.

Kwa maoni yangu, amri ya 2024 ilikuwa sahihi kuhusu mahali na mbovu katika mpangilio: mtu angeonyeshwa kwanza anakohamia, mahali anapoweza kufikia kibarua chake, ndipo nyumba ivunjwe. Na kati ya leo na siku hiyo, kuna watu watakaolala pale usiku huu. Hao ndio pande zote mbili zimewasahau. Tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa ni muhimu, ila hutaja kaunti na siku. Hazimwambii mtu wa ploti fulani kwamba maji yamepita alama darajani. Hiyo ni kazi ya jirani. Nyumba Kumi, vile vikundi vya majirani vya kulinda usalama wa mtaa, zipo tayari: wanachama wapangiwe zamu za usiku wakati wa masika, wapewe filimbi, tochi na simu ya mwenzao aliye juu ya mto. Wakubaliane nani atabeba wazee, nani atakata stima, na watu wakimbilie mwinuko upi. Na funguo za shule au kanisa lililoko mwinukoni zikae kwa mtu anayelala mtaani humo, si kwa afisa anayeishi ng'ambo ya mji.